Hamu ya kuendesha hoteli ndogo imeisha: mwenye hoteli anairudishaje?

Mama Chapo wa Donholm

Habari zenu wadau. Swali hili ni la mwenye hoteli. Si la mpishi wa kuajiriwa, wala si la anayetafuta mtaji.

Hoteli ina viti 24. Wateja wengi ni mafundi wa mjengo, makondakta na watu wa maduka ya karibu. Inafunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa chai na mandazi, inafungwa saa tatu usiku. Kuna wafanyakazi watatu: mmoja wa chapati na mandazi, mmoja wa jikoni, mmoja wa kuhudumia na kuosha vyombo. Menyu ina vyakula 19, kuanzia uji hadi matumbo. Kwenda soko la Marikiti, kulipa, kuonja na kufunga ni kazi ya mwenye hoteli.

Mchana viti vinajaa, kwa hivyo shida si wateja. Shida ni kwamba hamu imekwisha. Kengele ya saa tisa na nusu usiku ikilia mwili unakataa, pesa naiona ikipita lakini haikai mkononi, na nikiulizwa hoteli inanilipa ngapi sina jibu. Mahubiri ya kujituma nimeyasikia ya kutosha. Naomba mambo ya kufanya, kwa vipimo: nianze wapi, na kikiharibika huwa ni kwa sababu gani?

Daftari la Ngara

Mama Chapo, anza na mshahara wako kabla ya kitu kingine chochote. Wengi watakuambia upumzike kwanza. Lakini mtu asiyejua kama kazi yake inamlipa hata akilala hapumziki, anahesabu tu gizani.

Chukua sahani inayouzwa zaidi, bila shaka chapo-ndengu. Natumia bei za mfano, wewe weka za wiki hii. Unga wa ngano kilo 2 ni shilingi 170, mafuta robo lita 75, chumvi na sukari 5. Jumla 250. Ukiukanda na maji ya lita moja na kidogo, donge linafika kilo 3 na robo. Kata madonge ya gramu 130 kwa mizani, si kwa macho, upate chapati 25. Kila moja imekula shilingi 10. Ndengu kavu kilo 1 ni 170, nyanya, vitunguu, dania na mafuta 110. Jumla 280. Zikiiva pamoja na mchuzi zinafika kama kilo 3 na nusu. Upawa wa gramu 250 unatoa sahani 14, kwa hivyo kila sahani imekula shilingi 20. Chapati mbili na ndengu ni shilingi 40, gesi na makaa weka 6. Unauza chapati moja kwa 20, sahani ya ndengu kwa 60, mteja analipa 100.

Sasa pima upawa wenyewe. Mhudumu akijaza gramu 320 badala ya 250, kilo ile ile inatoa sahani 11. Sahani tatu za shilingi 60 zimepotea, yaani 180 kwa kila kilo. Hoteli inayopika kilo 5 za ndengu kwa siku inapoteza 900, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 23,400. Huo ni mshahara wa mtu mzima, na mara nyingi ndio mshahara wa mwenye hoteli ambao hauonekani. Hakuna aliyeiba. Mhudumu ana huruma na mteja wake, na upawa ni mkubwa. Dawa ni kununua upawa mdogo unaojaa kwa gramu 250, na ule mkubwa uuondoe jikoni kabisa. Ukiubakiza "kwa supu tu" utarudi kwenye ndengu ndani ya wiki moja.

Baada ya hapo tafuta namba ya siku. Kodi ya nyumba 26,000 ukigawa kwa siku 26 ni 1,000. Wafanyakazi watatu kwa 700 ni 2,100. Maji, stima, taka na leseni ya kaunti weka 400. Wewe mwenyewe 1,000. Jumla 4,500. Katika kila shilingi 100 za mauzo, 46 zimeliwa na chakula na moto. Ondoa pia 3 za kodi ya mauzo ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kwa sababu tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Zinabaki 51. Gawanya 4,500 kwa 0.51 upate kama 8,820. Hiyo ndiyo namba yako. Vyakula vya nyama huacha kidogo kuliko ndengu, kwa hivyo fanya hesabu ya kila chakula halafu uirekebishe.

Iandike kwa chaki ukutani jikoni. Kila siku andika kando yake saa ambayo mauzo yaliivuka. Ikivukwa saa nane mchana, kuanzia hapo unajua umelipwa, na katika kila 100 inayofuata 51 ni faida. Wafanyakazi nao wanaiona, na kazi inapata mwisho unaoonekana.

Ile 1,000 yako itoke kila siku saa tisa alasiri iende kwenye laini nyingine au Sacco. Usingoje mwisho wa mwezi. Siku ambayo namba haikufikiwa, toa kiasi kinacholingana, hata 400, lakini usitoe sifuri. Na baada ya hapo usiguse droo kwa nauli ya mtoto wala kwa mchango wa harusi. Hapo ndipo hesabu za hoteli nyingi huvunjika: mwenyewe anachukua kidogo kidogo siku nzima, jioni anaamini hakulipwa kitu, kumbe amelipwa bila kujua.

Mpishi wa Zamu, Industrial Area

Namuunga mkono Daftari kuhusu upawa. Kuhusu kuamka saa tisa na nusu, jibu langu ni la kijikoni: unaamka mapema kwa sababu ya maharagwe, githeri na unga. Ukiviondoa vitu hivyo asubuhi unapata karibu saa mbili za usingizi bila kufuta chakula hata kimoja.

Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Maharagwe yanayoiva kwa saa moja na nusu Pwani yanaweza kukuchukua saa mbili na nusu hapa, na makaa yanaisha. Kuongeza moto hakusaidii, maji hayapandi joto, yanakauka tu.

Loweka maharagwe saa 8 hadi 12 kwenye maji mengi yenye chumvi, kama kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Chumvi wakati wa kuloweka hulainisha ganda, haifanyi maharagwe yawe magumu kama wengi wanavyoamini. Kinachoyafanya magumu ni nyanya na ndimu zikitiwa kabla hayajaiva, na maharagwe ya zamani yaliyokaa ghalani. Magadi huharakisha, ila huharibu rangi na ladha, na hupunguza vitamini. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili. Maharagwe mekundu yana sumu inayoharibika kwa mchemko wa nguvu tu. Moto mdogo pekee hautoshi, na ndiyo maana watu huharisha kwa chakula kinachoonekana kimeiva.

Sasa hamisha kazi hiyo. Yaliyolowekwa asubuhi yachemshwe saa tisa hadi kumi na moja jioni, jiko likiwa halina msongamano. Yakiiva, mimina kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 6, yapoe ndani ya saa mbili, kisha friji. Asubuhi unakaanga kitunguu na nyanya, unatia maharagwe, unachemsha hadi yatokote, dakika 30 umemaliza. Usiweke sufuria ya lita 20 ikiwa moto ndani ya friji. Katikati hubaki vuguvugu usiku kucha na alfajiri imechacha, na friji yenyewe inapandisha joto la maziwa na nyama. Wali ndio hatari zaidi: ukipoa polepole hutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali upike wa siku hiyo.

Unga wa chapati ukande saa moja jioni, kata madonge, paka mafuta, funika vizuri, weka friji. Asubuhi yatoe dakika 30 kabla ya kusukuma. Yakiachwa nje usiku kucha yanachacha na kulegea, chapati inatoka na harufu ya togwa. Mandazi ya hamira nayo unaweza kuyakanda jioni, punguza hamira hadi nusu kwa sababu itapata usiku mzima wa kufanya kazi. Ya baking powder hayangoji, kandia asubuhi.

Kijana wa chapati anaweza kufungua bila wewe. Anachohitaji alfajiri ni chai, mandazi na chapati za kwanza arobaini. Wewe ingia saa moja na nusu.

Mama Chapo wa Donholm

Asanteni sana, ndugu zangu. Nina maswali mawili. Jioni kuanzia saa kumi na mbili wateja wapo lakini wachache, naogopa kufunga mapema nikawapoteza. La pili, vyakula 19 naona ni vingi, ila kila kimoja kina mtu wake anayekiulizia. Na huyo kijana wa kufungua, nitajuaje kwamba pesa ya asubuhi imefika yote?

Daftari la Ngara

Jioni usiikisie, ipime. Taarifa ya malipo ya Lipa na M-Pesa inaonyesha saa ya kila malipo. Pakua ya wiki mbili, gawanya kwa saa. Za mkononi mhudumu aandike kwenye daftari lenye safu nne: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni.

Tuseme saa kumi na mbili hadi saa tatu inaleta 1,500. Asilimia 51 ni 765. Ondoa posho ya anayebaki jioni na nauli yake ya usiku, tuseme 450, na stima na moto wa kupasha 100. Zinabaki 215. Saa tatu za maisha yako kila siku, jikoni, baada ya siku nzima ya kusimama, kwa shilingi 215. Kwa bei hiyo ningefunga bila kusita. Lakini ikileta 4,000, jioni ni biashara kamili, na anayestahili kuifunga ni mfanyakazi wa zamu ya pili anayeingia saa saba mchana. Unaona kwamba swali la "nivumilie au nisivumilie" limegeuka kuwa la hesabu.

Mkifunga mapema, bandikeni saa mpya mlangoni wiki mbili kabla, na siku ya kufunga mfunge kweli. Kufunga leo saa kumi na moja na kesho saa mbili ndiko kunakofukuza wateja. Anayejua ratiba huipanga siku yake kwayo.

Pesa ya alfajiri: hesabu vitu. Chapati 40 zilizopikwa, zilizouzwa, zilizoliwa na wafanyakazi na zilizobaki lazima zirudi kuwa 40. Mandazi hivyo hivyo. Linganisha na taarifa ya M-Pesa na kilichomo kwenye droo. Amua wazi wafanyakazi wanakula nini na kiasi gani, iandike kama gharama, ili tofauti isifichwe chini ya "tulikula". Ukihesabu kila siku kwa dakika tano, bila makelele, hakuna anayejisikia kushukiwa. Ukihesabu ghafla siku uliyokasirika, umemtukana mtu.

Mkufunzi wa Jikoni, Kangemi

Dada, nianze na menyu. Kwa wiki mbili piga alama ya kila sahani iliyouzwa. Kila chakula kipe maswali matatu: kinaacha shilingi ngapi, kinashika jiko kwa muda gani, na malighafi yake inatumika kwingine? Matumbo ndiyo mfano mzuri. Kuyaosha kunakula saa nzima na maji mengi, kuyachemsha kunashika jiko asubuhi yote, na yakiuzwa sahani sita hayajalipa hata maji. Lakini usiyafute. Yape siku yake, Jumanne na Alhamisi. Wanaoyapenda watakuja siku hizo na watakuja na wenzao. Githeri Jumatatu, pilau Ijumaa. Vya kila siku vibaki kumi au kumi na kimoja: chai, mandazi, mayai, chapati, ndengu, madondo (maharagwe), ugali, sukuma, wali, nyama ya mchuzi, kabichi. Wasiwasi wa wateja kulalamika hudumu wiki mbili tatu. Baadaye wanazoea, na chakula kinatoka kikiwa bora kwa sababu mpishi halindi sufuria kumi na tisa.

Sasa hamu yenyewe, kwa sababu ndiyo uliyoiuliza. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walifanya utafiti wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kuhusu kinachomfanya mtu afanye kazi kwa moyo wake. Wanataja mahitaji matatu: kuamua mambo yako, kuona unaiweza kazi na unakua ndani yake, na kuwa na watu. Utashangaa jinsi mwenye hoteli anavyoweza kukosa yote matatu akiwa amejiajiri. Siku yake inaamuliwa na kengele, maharagwe na simu za wauzaji. Chakula kile kile kwa ubora ule ule, hakuna jipya. Na amezungukwa na watu kutwa nzima bila mmoja wa kuzungumza naye kama mwenzake.

Kwa hiyo chagua kazi moja ya hoteli unayoipenda na uishike kwa mikono yako. Hapa natofautiana na wanaosema mwenye biashara atoke jikoni kabisa. Kama ulifungua kwa sababu ya kupika, ukijigeuza mshika droo hamu haitarudi hata ukilala kwa saa tisa nzima. Toa Marikiti, toa kuosha, toa kufungua, lakini pilau ya Ijumaa iwe yako. Ipike sahani 30 tu, ziishe. Pima mchele, pima nyama, badilisha kitu kimoja kila wiki, leo bizari, wiki ijayo muda wa kukaanga kitunguu, na uulize wateja watano wale wale wanaojua kula. Hapo kuna kuamua na kuna kukua.

Marikiti ya kila alfajiri haina maana kwa viti 24. Vitunguu, viazi, nafaka na unga nunua mara mbili kwa wiki, na usihifadhi viazi na vitunguu sehemu moja, vinaharibiana. Sukuma na dania chukua kwa mama mboga wa karibu kwa oda ya kudumu. Utalipa shilingi chache zaidi kwa fungu, ila umenunua usingizi. Toa hela hizo kwenye hesabu ya Daftari uone: mara nyingi nauli na kubeba vilikuwa vinakula tofauti yote.

Kumwachia mtu chakula kunahitaji wiki tatu. Wiki ya kwanza mnapika pamoja na kila kitu kinapimwa kwa vyombo vilivyopo: gorogoro ya ndengu, kikombe cha mafuta, kijiko cha chumvi kilichosawazishwa kwa kisu. Kiandikwe kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, ibandikwe juu ya jiko. Wiki ya pili anapika yeye, wewe unasimama kando na kunyamaza. Wiki ya tatu unaonja tu, saa tano asubuhi, kabla wateja wa mchana hawajaingia, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Kinachoharibika karibu kila mara ni chumvi, kwa sababu mwenye hoteli mwenyewe hutia kwa kuona na hakuna kipimo cha kumwachia mwingine. Cha pili ni mwenyewe kunyakua mwiko siku ya kwanza mchuzi ukiwa mwepesi. Ukinyakua mara mbili, hatajifunza tena, atakungoja.

Halafu siku ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Wafanyakazi wako wanazipata, au wanapaswa kuzipata. Jiandike kwenye ratiba ile ile, jina lako chini ya majina yao. Kwa wateja wa mjengo Jumapili ndiyo siku ya kufunga. Simu ya wauzaji apewe mtu mwingine siku hiyo.

Nesi wa Mtaa

Naongeza dogo lakini naomba lisipitwe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi ndani ya orodha yake ya magonjwa na hali za afya, ICD-11. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Dalili ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi kazi ipasavyo. Hii ndiyo inayotibika kwa upawa, ratiba na usingizi.

Lakini kuna nyingine. Huzuni au kutofurahia chochote karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata siku ya mapumziko, usingizi kukatika, hamu ya chakula kubadilika, kujiona huna thamani au kuwaza kufa. Hiyo si ya hesabu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu na useme hivyo hivyo, bila kupunguza. Hospitali ya Mathari iko Thika Road na inapokea wagonjwa wa nje. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi navyo huleta uchovu unaofanana, kwa hiyo omba upimwe.

Na kula, mama. Mwenye hoteli kushinda kwa chai hadi saa kumi jioni ni jambo la kawaida mno. Kaa chini saa nne na nusu asubuhi, sahani kamili, kabla ya msongamano. Jikoni kuna joto, kwa hiyo weka chupa yako ya maji ya lita moja na nusu na iishe kabla ya saa tisa. Vyeti vya afya vya wafanyakazi wa chakula hufanyiwa upya kila miezi sita. Tarehe zote ziandike kwenye kalenda ya ukutani pamoja na leseni. Hofu ya maofisa wa kaunti kuingia wakati karatasi hazijulikani ziliko inachosha kuliko unavyofikiri.

Mpangaji wa Eastleigh

Waliotangulia wamesema vizuri, ila kuna hoteli ambazo hazistahili kufufuliwa, na mwenyewe anateseka akidhani kosa ni moyo wake. Kipimo changu: rekebisha upawa, menyu na saa, kisha uandike miezi mitatu. Kama namba ya siku haifikiwi hata katika nusu ya siku za kazi, tatizo ni mahali au kodi.

Kama ni kodi, jua haki yako. Kuna sheria mahsusi ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Kama mkataba wako haujaandikwa, au ni wa miaka mitano kushuka, upangaji wako kwa kawaida unalindwa nayo. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi au kukutoa kwa neno la mdomo. Lazima atoe notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa, ya angalau miezi miwili, na wewe unaweza kuipinga kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Wengi huishi na hofu ya kutolewa kila mwisho wa mwezi bila kujua hivyo, na mtu mwenye hofu hiyo hawezi kupanga hata mwezi ujao.

Kama ni mahali, badilisha sura kabla ya kufunga. Kijana anayepika chapati 25 kwa kila pakiti ya unga anaweza kuuzia vibanda na ofisi kwa jumla, shilingi 15 au 16 kila moja, bila viti, bila kuosha sahani, na kazi inaisha saa tano asubuhi. Kwa watu wa tabia fulani hiyo ni kazi bora zaidi.

Na deni. Daftari la deni ndilo linaloua moyo polepole. Weka kikomo, tuseme shilingi 500 kwa mtu, na asiongezewe hadi alipe lote. Wa mjengo wanaolipwa Jumamosi wauzie kadi: alipe 1,000 Jumamosi, apate sahani 10 za chapo-ndengu na chai mbili bure. Wewe umepata pesa ya unga mapema, naye amehakikishiwa chakula hadi wiki iishe. Kadi ziwe na mhuri, vinginevyo zitaandikwa nyumbani.

Mama Chapo wa Donholm

Nimeandika yote. Upawa na namba ukutani naanza kesho, kuloweka leo hii. Mpishi wa Zamu, swali la mwisho: nina sufuria ya presha ya lita 10 haijawahi kutumika. Inachukua maharagwe kilo ngapi, na ndengu nazo nitie humo?

Mpishi wa Zamu, Industrial Area

Maharagwe kilo moja na nusu kavu, isizidi. Yakilowekwa na maji yakayafunika yanafika nusu ya sufuria, na nusu ndiyo mwisho kwa nafaka za jamii hiyo. Hutoa povu, na povu likipanda linaziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta kinapunguza povu. Yachemshe wazi dakika 10 kwanza, toa povu, ndipo ufunike. Hesabu dakika 20 hadi 25 kuanzia uzito wa juu ya kifuniko unapoanza kulia, kisha zima na uache sufuria ipoe yenyewe dakika 15. Ukiinua uzito mapema, mchuzi unaruka nje kwa tundu na unaweza kukuunguza uso. Mahindi ya githeri yaliyolowekwa yapike peke yake dakika 45 hadi 60, maharagwe yatie baadaye, la sivyo yatapondeka mahindi yakiwa bado magumu.

Ndengu usizitie. Zinaiva upesi hata kwa sufuria ya kawaida, na kwa presha zinageuka uji kabla hujageuka. Kabla ya matumizi ya kwanza kagua mpira wa kifuniko. Ukiwa umekaa miaka bila kutumika huenda umekauka na kupasuka, na mvuke utatokea pembeni. Mpira mpya wa saizi hiyo uulize kwa wanaouza vifaa vya jikoni pale Gikomba, nenda na kifuniko chenyewe ili upimwe.